Dolphine Nakhungu na Viti Thelathini na Viwili

Ukifika Nyalenda ukauliza fundi wa baiskeli, nawe utaulizwa: unataka fundi, au unamtaka Dolphine? Mafundi wako wengi. Kuna wawili karibu na kituo cha maji, kuna mmoja kando ya barabara kuu, na kuna mwingine ambaye huziba pancha huku akinyoa watu ndevu. Hao wote watakufanyia unachotaka. Dolphine atakufanyia kinachofaa, na kama hukitaki atakurudishia baiskeli yako vilevile ulivyoileta, akupe na maji ya kunywa kwa sababu jua ni kali na umetoka mbali.

Dolphine Nakhungu ana miaka hamsini na mmoja. Ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyezoea kukaza nati, na huongea polepole kama anayehesabu maneno kabla ya kuyatoa. Kibanda chake kimepakana na kile cha mumewe, Wasike, ambaye ni fundi cherehani, na wawili hao wana tepi moja tu ya kupimia. Asubuhi Wasike huitumia kupima viuno vya wateja, mchana Dolphine huichukua kupima baiskeli. Ndiyo maana suruali nyingi za Nyalenda zina alama ndogo ya grisi kiunoni, na wenyewe hawajui ilitoka wapi.

Ufundi aliupata Muhoroni, ambako alizaliwa baada ya baba yake kutoka upande wa Bungoma kwenda kukata miwa. Wakati huo wakata miwa karibu wote walikuwa na baiskeli, na baiskeli karibu zote zilikuwa mbovu. Aliyezitengeneza ni kaka yake mkubwa, Wechuli, kijana mwenye mikono mizuri na maringo mengi. Baiskeli yake mwenyewe aliipandisha kiti mpaka juu kabisa. Alisema anataka kuona ng'ambo ya shamba la miwa. Wasichana waliokaa ng'ambo hiyo walijua anataka kuona nini.

Siku moja, akiwa anafuata trekta ya miwa, alipita kwenye tuta, na ile paipu inayoshikilia kiti ikachomoka kwenye fremu. Kiti kikaenda upande wake, paipu ikabaki na Wechuli. Sitasema ilimchoma wapi. Nitasema tu kwamba kwa wiki sita alikula ugali amesimama, na kanisani akasikiliza mahubiri kuanzia mwanzo hadi mwisho amesimama, mpaka wageni wasiojua habari wakamsifu kwa jinsi anavyoliheshimu Neno.

Fundi wa baiskeli hufanya kazi amekaa kwenye kigoda. Kwa hiyo katika wiki hizo sita aliyeshika spana ni Dolphine, akiwa na miaka kumi na tisa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuiokota ile paipu na kuitazama. Kutu ilionyesha wazi sehemu iliyokuwa ndani ya fremu na sehemu iliyokuwa nje. Ndani zilikuwemo sentimita tatu tu, kama upana wa vidole viwili. Vidole viwili vya chuma vilikuwa vimembeba kijana wa kilo sabini na maringo yake yote.

Tangu siku hiyo Dolphine hajawahi kufunga kiti bila kwanza kuichomoa paipu na kuipima. Kama paipu ina alama ya kiwandani, ule mstari unaoonyesha mwisho wa kupandisha, alama hiyo lazima izame ndani ya fremu. Kama haina alama, kipimo ni kiganja kizima ndani, na ncha ya chini lazima ipite pale ambapo mabomba ya fremu yanakutana. Haijalishi wewe ni nani. Aliwahi kumkatalia mchungaji. Aliwahi kumkatalia mumewe, na Wasike akaenda kazini kwa miguu siku mbili akidai anafanya mazoezi.

Wechuli alipopona alikuta wateja wamezoea mikono ya dada yake. Akaenda kuomba kazi kiwanda cha sukari, na alipoulizwa anataka kazi gani, akasema yoyote ya kusimama.

Haya yalikuwa zamani, kabla Dolphine hajahamia Nyalenda. Jambo lililomfanya Dolphine ajulikane mpaka nje ya Nyalenda lilitokea mwaka jana, wakati shirika moja lilipoleta baiskeli thelathini na mbili kwa wahudumu wa afya wa mtaa. Wahudumu hawa ni wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima uzito wa watoto, kuuliza nani ana homa na kuwakumbusha kina mama kliniki. Miaka yote walikuwa wakitembea kwa miguu. Baiskeli zilikuja kwenye maboksi, zote mpya, zote za buluu, na zote saizi moja.

Kodineta wa shughuli hiyo aliitwa Brandon Naswa. Alikuwa kijana mnene kiasi, msafi, mwenye simu mbili na shati lililopigwa pasi hata mikononi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu vitu vikae kwenye mstari. Alifika kwa Dolphine siku ya Alhamisi.

"Mama Dolphine," alisema, "kesho unafunga hendo, unaweka pedali, unajaza upepo. Na viti zote ziwe kimo kimoja."

"Kimo gani?"

"Hapa." Akaonyesha kiuno chake.

Dolphine alikiangalia kile kiuno kwa heshima. "Hicho ni kiuno chako, Bwana Brandon. Hao watu wengine wana viuno vyao."

"Ni ya picha tu, Mama. Jumamosi mgeni rasmi anakuja, baiskeli zinapangwa laini moja, mpiga picha analala chini, anapiga. Viti zikiwa juu-chini, juu-chini, itakaa vibaya."

"Baada ya picha wataendesha?"

"Wataendesha mpaka Dunga, kule ziwani. Msafara."

"Basi nitafunga za kuendesha," Dolphine alisema. "Za picha utafute fundi wa picha."

Brandon alifikiria kwenda kwa yule fundi anayenyoa. Lakini muda ulikuwa mfupi na baiskeli zilikuwa nyingi, akakubali huku akijiambia kwamba mambo ya kimo atayarekebisha mwenyewe siku yenyewe.

Ijumaa wahudumu walikuja mmoja mmoja kwenye uwanja wa kanisa ambako maboksi yalifunguliwa. Dolphine alimkalisha kila mtu kwenye kiti cha baiskeli, akamwambia aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini, akaangalia kama mguu umenyooka. Halafu akapandisha, akashusha, akapima. Alama ya kiwandani ilikuwepo kwenye kila paipu, lakini ilichorwa kwa wembamba wa unywele, na maandishi yake yalikuwa madogo hata kipofu na mwenye miwani wangekuwa sawa.

Aliyempa dawa ya hilo ni Lorine, mhudumu mfupi kuliko wote, ambaye kiti chake kilishushwa mpaka kikagoma na bado alikanyaga pedali kwa ncha za vidole. Lorine hupaka watu kucha wakati hayuko kwenye zamu. Alitoa kwenye mkoba kichupa cha rangi nyekundu.

"Paka hii, Mama. Haitoki kwa sabuni. Ata kwa kufua haitoki, mimi najua."

Dolphine akapaka mstari mwekundu juu ya kila alama. Akawaeleza wote jambo moja, kwa maneno yaleyale, mara thelathini na mbili: "Hii baiskeli haihitaji spana kupandisha kiti. Ni kushika hiki kibanio, kufungua, kuvuta. Ukiona nyekundu iko nje, usipande. Shusha kwanza."

Watu thelathini na mmoja walielewa, wakashukuru, wakaenda. Akabaki Nicodemus.

Nicodemus Owiti ni mrefu. Watu wa Nyalenda humwita Stima, kwa sababu ya nguzo za umeme. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye sauti ndogo ambayo huchukua muda kushuka mpaka kwa msikilizaji. Huinama kuingia kila nyumba na huinama kutoka. Kina mama wanampenda kwa sababu ile mizani ya kupimia watoto, ambayo wenzake huhangaika kuitundika kwenye boriti wakiwa juu ya stuli, yeye huitundika akiwa amesimama tu, kama mtu anayeweka kofia yake mahali pake.

Dolphine alipandisha kiti mpaka alama nyekundu ikakaribia mdomo wa fremu, akafunga. Nicodemus akapanda, akazunguka uwanja mara moja. Magoti yalikuwa yanapanda mpaka karibu na viwiko na kushuka, yakipanda na kushuka, kama panzi anayejaribu kuamua pa kwenda.

"Ongeza kidogo, Mama," alisema aliporudi.

"Hapo ndio mwisho."

"Kidogo tu. Kidole kimoja."

Dolphine alifungua kibanio, akaichomoa paipu yote, akaiweka mkononi mwa Nicodemus. "Hii ina urefu wa sentimita thelathini. Iliyo ndani ndiyo inakubeba. Iliyo nje inakuinua tu. Ukitoa kidole kimoja, utataka cha pili. Wewe una kilo ngapi?"

"Themanini na nane."

"Kilo themanini na nane ukikaa hapa juu ni kama mtu anayetumia mtaimbo kung'oa jiwe. Sasa jiwe ni mdomo wa fremu."

Nicodemus aliitazama paipu.

"Wiki ijayo," Dolphine alisema kwa upole zaidi, "mimi na wewe tutaenda Kibuye sokoni kutafuta paipu ndefu ya unene huu huu. Utakaa vizuri kama mfalme. Kesho endesha tu hivyo."

"Kesho ndio watu wataniona, Mama."

"Wakuone. Ni mpaka Dunga na kurudi."

"Sawa," alisema Nicodemus, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Njiani kurudi nyumbani alipita kituo cha maji, ambapo kila mara kuna foleni ya mitungi na wenye mitungi hawana kazi nyingine zaidi ya kutazama wapita njia. Mama mmoja alimwuliza amemnyang'anya mtoto gani baiskeli. Mwingine akasema amwache, yawa, mtu amekunja magoti anaota moto. Nicodemus aliwasalimia kwa adabu, akapita. Lakini jambo lile lilimwingia. Maisha yake yote alikuwa akiinama ili watu wengine wasijisikie wafupi, na leo kwa mara ya kwanza amepewa kitu kipya, kizuri, cha buluu, na bado ni cha kuinamia.

Saa kumi na moja jioni alisimama nyuma ya nyumba yake, akafungua kibanio, akavuta. Mstari mwekundu ulitokeza. Akavuta tena. Alipokaa, mguu ulinyooka sawasawa, mgongo ukanyooka, akaona juu ya paa la jirani. Alikaa hapo ameegemea ukuta dakika kumi nzima bila kwenda popote. Halafu akachukua ile tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, akauzungushia ule mstari mwekundu mpaka usionekane.

Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya iliyovaa sare ya zambarau, na baiskeli za buluu zikiwa zimepangwa mstari mmoja na wenyewe wamesimama kando yake. Viti vyao havikuwa kimo kimoja. Vilipanda na kushuka kama meno ya mtoto wa miaka saba, na Brandon, aliyekosa muda wa kuvirekebisha, kila alipovitazama aliangalia pembeni. Hata hivyo alipata faraja kwa kuweka baiskeli ya Nicodemus mwanzo wa mstari. Ile, alisema, ndiyo inakaa kama baiskeli.

Dolphine alikuja akiwa na ovaroli yake na spana mfukoni. Alianza mwisho wa mstari akiwa ameinama, akiangalia paipu moja baada ya nyingine. Lorine sawa. Anayemfuata sawa. Alikuwa amefika katikati wakati Brandon alipomjia.

"Mama, tafadhali toka kwa laini. Mpiga picha analalamika kuna mtu wa ovaroli kwa kila picha."

"Namalizia."

"Mgeni amefika, Mama. Tafadhali."

Dolphine alitoka, akasimama chini ya hema. Akiwa pale alitupa macho mwanzo wa mstari, akakiona kiti cha Nicodemus. Hakuhitaji tepi. Alijua alikiacha wapi, na sasa kilikuwa juu ya pale kwa vidole vitatu. Nicodemus mwenyewe alikuwa anaangalia mawingu kwa makini, ingawa siku hiyo hayakuwepo. Dolphine akaamua kukishusha mara tu hotuba itakapoisha.

Mgeni rasmi alikuwa Daktari Terry, mama wa miaka sitini aliyestaafu kazi ya hospitali na sasa akishauri lile shirika. Alikuwa mrefu kwa mwanamke, mchangamfu, na amevaa suruali, jambo ambalo lilipaswa kuwaonya watu. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alipomaliza, badala ya kukaa, alisema, "Miaka ishirini sijapanda baiskeli. Nipeni moja nizunguke hapa kabla hamjaenda."

Watu wakapiga makofi. Daktari Terry akatembea kwenye mstari, akasimama mbele ya Nicodemus. "Hii ya kiti cha juu itanifaa. Mimi pia ni mrefu."

Nicodemus alikishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Daktari," alisema, "hii haina breki."

Brandon alikuja mbio. Akabinya breki. "Iko na breki, Daktari. Ni mpya."

"Cheni yake inaruka," Nicodemus alisema.

"Haijawahi kuendeshwa, itarukaje?"

"Ina... upepo mwingi."

"Upepo mwingi ndio nini, Bwana Nicodemus?" Brandon aliuliza. Uso wake ulikuwa umeanza kumeta jasho. Alikuwa amepanga asubuhi hiyo kwa wiki tatu, na sasa mhudumu mmoja anamnyima mgeni rasmi baiskeli mbele ya kwaya. "Achilia kiti. Daktari, pole sana. Wacha nikuonyeshe haina shida."

Akamwondoa Nicodemus vidole kimoja kimoja, akapandisha mguu, akakaa. Kiti kilikuwa juu sana kwake, kwa hiyo aliendesha kwa kukata kiuno kushoto na kulia ili miguu ifikie pedali.

"Bwana Brandon, paipu," Nicodemus alisema, kwa ile sauti yake inayochelewa kushuka.

"Shuka," Dolphine alisema kutoka chini ya hema. Hakupaza sauti. Alisema kama anayemwambia mtu kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Brandon aliwapungia mkono wote wawili. Mita kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu kulikuwa na mfereji mdogo, ule wa kupitisha maji ya mvua, si mkubwa, wa kuweza kurukwa na kuku. Gurudumu la mbele lilishuka na kupanda. Gurudumu la nyuma lilishuka, na lilipopanda, kibanio kilikatika kwa mlio mkavu, paipu ikalala nyuma, na kiti kikamwacha Brandon.

Kwa bahati yake, baiskeli hizo zina keria ya nyuma, ya kubebea mabegi ya dawa. Aliangukia hapo. Mikono ilikuwa bado imeshika hendo, imenyooka mpaka mwisho wake, na miguu ilikuwa imetoka kwenye pedali na kuning'inia pande mbili. Vidole vyake havikuweza kufika kwenye breki. Alikuwa abiria wa baiskeli isiyo na dereva, na abiria huyo aliendelea kwenda kwa heshima kubwa, moja kwa moja kuelekea kwaya.

Kwaya ile imefundishwa vizuri. Walikuwa katikati ya ubeti na hawakuukatiza. Sauti za juu zilikwenda kushoto, sauti za chini zikaenda kulia, Brandon akapita katikati, na nyuma yake wakafunga tena pengo kabla ubeti haujaisha. Baiskeli ilisimama ilipokutana na viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya vingine. Vilianguka vyote, polepole, kimoja baada ya kingine.

Brandon alitoka humo akiwa mzima. Suruali tu ndiyo ilipasuka nyuma, mpasuko mrefu, na akawa anatembea kinyumenyume kuelekea kwenye hema huku akimwomba Daktari msamaha. Daktari Terry alikuwa amejifunika uso kwa karatasi ya hotuba yake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Hapo ndipo Nicodemus alipofanya jambo ambalo Dolphine hulisimulia kuliko yale mengine yote. Alikwenda mfereji ulipo, akaokota kiti na paipu yake, akaja navyo mpaka mbele ya mgeni rasmi, na kwa mara ya kwanza hakuinama.

"Ni mimi, Daktari. Mama Dolphine aliniwekea vizuri, akaniambia ndio mwisho. Nikapandisha mwenyewe. Nikaficha na tepu. Ungepanda wewe ningejisikia vibaya mpaka nife."

Dolphine alikuja, akaipokea ile paipu, akabandua tepu nyeusi. Mstari mwekundu ukaonekana, mzima, haujachubuka hata kidogo. Lorine alinong'ona kwa jirani yake kwamba si aliwaambia rangi ile haitoki.

"Mama, nieleze," Daktari Terry alisema. "Huu mstari ni wa nini?"

Dolphine alimpa paipu aishike, akamwonyesha kwa vidole: hapa ndipo ilipoishia ndani ya fremu, hapa ndipo ilipotakiwa kuishia. Akamwambia hakuna baiskeli mbovu hapa na hakuna mtu mbaya. Kuna mtu mrefu aliyepewa paipu fupi. Halafu, kwa kuwa Nicodemus alikuwa bado amesimama pale kama mtu anayengoja hukumu, akasimulia habari za kaka yake Wechuli na shamba la miwa, kuanzia trekta mpaka kanisani.

"Na ilimchoma wapi?" Daktari aliuliza.

"Wewe ni daktari," Dolphine alisema. "Mtu akila wiki sita amesimama, unamfungulia faili ya wapi?"

Karatasi ya hotuba ikapanda tena usoni. Safari hii hata mabega ya Nicodemus yalitikisika.

Msafara wa Dunga ulikwenda na baiskeli thelathini na moja. Nicodemus alipanda kwenye keria ya mwenzake, miguu ameikunja isiburute. Kabla hawajaondoka, Daktari Terry alipewa baiskeli ya mhudumu mwingine na kuzunguka uwanja mara tatu, Dolphine akitembea kando yake, mkono mmoja karibu na kiti. Brandon hakwenda popote. Alikaa kwa Wasike akiwa amejifunga leso ya mtu, akingoja suruali, na Wasike, ambaye hupenda mazungumzo, alimweleza faida za kutembea kwa miguu.

Jumatatu ile baiskeli ililetwa kibandani. Dolphine aliuosha mdomo wa fremu kwa sabuni, akaupangusa, akaupitishia kidole taratibu akitafuta ufa. Hakuupata. Kibanio kilikuwa kimekufa kabla ya fremu kuumia. Jumanne yeye na Nicodemus walikwenda Kibuye. Walipita vibanda saba. Muuzaji wa nane aliwatolea paipu ndefu, inayong'aa, lakini ilipoingizwa kwenye kipande cha fremu alichobeba Dolphine ikacheza.

"Hiyo si shida," muuzaji alisema. "Unakata mkebe wa soda, unazungusha hapa, inajaa."

"Nitajaza mkebe, halafu nimkalishe mtu juu ya mkebe?"

Muuzaji akamwuliza kwa wasiwasi kama ametoka kwa serikali.

Waliipata saa saba mchana, kwa mzee mmoja aliyeuza vipuri juu ya gunia: sentimita arobaini na tano, unene sawasawa, ukuta mzito. Nicodemus aliishika njia nzima kurudi kama amebeba mshumaa. Dolphine aliipima kwa tepi, akapaka mstari mwekundu, akafunga kibanio kipya, akamwambia akae. Mguu ukanyooka. Chini ya mdomo wa fremu kulikuwa na kiganja kizima na nusu. Alikitikisa kiti mbele, nyuma, pembeni, kwa uzito wake wote, hakikusogea.

"Sasa nenda," alisema.

Baada ya wiki mbili Nicodemus alirudi. Shingoni alikuwa na mstari mwekundu, na mkononi amebeba shuka, gauni la ndani la mama fulani, na soksi moja.

"Kiti kimeshuka?" Dolphine aliuliza.

"Kiti kiko sawa. Ni kamba za kuanikia nguo, Mama. Nikitembea nilikuwa naziinamia. Sasa nikiwa juu ya baiskeli zinanishika hapa. Hii shuka sijui ni ya nani. Hii nyingine najua ni ya nani lakini siwezi kuirudisha peke yangu."

Dolphine aliacha gurudumu alilokuwa analinyoosha. Alifikiri kwanza kumwambia ashuke atembee kwenye vichochoro, lakini aliona uso wake, akaona kwamba mtu huyu hataki tena kushuka. Akafungua boksi, akatoa kengele, ile kubwa ya zamani ya kuzungusha, akaifunga kwenye hendo.

"Ukiingia kichochoroni, endesha polepole, piga hii. Wenye nguo wataokoa nguo zao."

Ikawa hivyo. Kengele ikilia, kina mama hutoka nje na ile miti ya panda ya kuinulia kamba, wakazinyanyua mmoja baada ya mwingine, na Nicodemus akapita chini yake amenyooka, akisalimia kulia na kushoto. Na kwa kuwa wameshatoka nje, na mtoto yuko mgongoni, wanaona heri amtundikie mizani palepale. Mwezi huo alipima watoto wengi kuliko mhudumu mwingine yeyote. Brandon aliandika kwenye ripoti kwamba sababu yake bado inachunguzwa.